Triko yenye nilikata na makasi

Niko na kabini ya inite, salio ya simu, pale Nyawera, hapa Bukavu, meza moja na parasoli, na kama unapitaka pale asubuhi umeshaniona, njo mimi ule mama mwenye kufuma huku anauza. Mteja anataja namba, sindano naweka juu ya magoti, natuma inite, narudilia kitanzi changu. Watu wanaulizaka kama kufuma kunaingiza feza kuliko inite. Kuna miezi ndiyo, kuna miezi hapana. Lakini leo nataka kueleza namna nilifika mpaka kufuma triko, zile nguo za baridi za kufuma, zenye nachora mwenyewe, bila karatasi ya mtu, juu ilinichukua miaka na katikati ya ile miaka niliharibu lene (uzi wa kufumia) mingi sana, hata sasa nikikumbuka bei yake tumbo linaniuma.

Kufuma nilifundishwa na koko, mama ya mama yangu. Yeye alijifunza kwa masista, wakati wa Wabeleji, kwenye fuwaye sosyal pale wanawake na wasichana walikuwa wanafundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi na mambo ya nyumba. Alikuwa msichana mdogo, miaka ya 1950 hivi. Koko anajua triko moja tu, kweli moja, na ile moja ameifuma maisha yake yote, kwa watoto, kwa wajukuu, kwa mapadri, kwa watoto wa jirani: mbele kipande, mgongo kipande, mikono miwili, unashona, shingo unaokota vitanzi, basi. Hana karatasi. Anapima na shubiri na vidole. Anakuita, anakugeuza, anatembeza mkono toka bega moja mpaka lingine, anasema "shubiri mbili na vidole vitatu", na triko inakuja sawa. Mimi nikiwa msichana niliona ile ni mambo ya kizamani.

Mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Nilikuwa na kurasa za magazeti ya Kifaransa, za zamani, zingine nilizipata zimefungiwa sabuni, zenye picha ya mzungu amesimama kando ya bahari na chini wameandika lene ya namna gani, sindano namba ngapi, endruwa (vitanzi vya uso) ngapi, anveri (vitanzi vya nyuma) ngapi. Nafuata kama katekisimu. Na triko inakuja kubwa, ama ndogo, ama shingo haipiti kichwa. Nikawa nasema ni mkono yangu iko mubaya. Hakuna mtu aliniambia kwamba ile karatasi inazungumzia lene yenye haifikaki kwa soko yetu ya Kadutu. Lene yetu sokoni inauzwa ndani ya plastiki, haina namba, leo ni nene, juma lenye kuja rangi ni ile ile lakini uzi umekuwa mwembamba, na ukirudi kwa mama mwenye kuuza atakuapia mbele ya Mungu kwamba ni ile ile.

Na triko kwetu si pambo. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, mvua inaanza Septemba inaenda mpaka Mei, na hata kiangazi, Juni na Julai, asubuhi ziwa linajifunika ukungu na watoto wanaenda masomo wamejikunja kama kuku wa mvua. Wateja hawakosekani. Kilichokosekana ni mimi kujua kazi.

Mambo yalianza kubadilika siku nilipata simu yenye kushika intaneti muzuri. Nikawa nanunua mega za usiku, zile za bei chee zenye kuisha alfajiri, watoto wamelala, naangalia watu wenye kufuma. Usiku moja nikaangukia video ya mama mzee wa Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa ya Uskoti. Sikuelewa hata neno moja lenye alisema. Niliangalia mikono tu. Alikuwa amejifunga mkaba wa ngozi, na kwa ule mkaba kuna kamfuko ka ngozi kenye kujaa matundu, ndani wamejaza manyoya ya farasi, na sindano ya kuume anaichoma mule ndani inakaa yenyewe, mkono unabaki huru, na anafuma mbio kama mtu anachagua maharagi. Bila karatasi! Nilirudilia ile video mpaka mega zikaisha.

Kesho yake nikamwonyesha koko. Alishika simu mbali na macho, akaangalia, akacheka. "Uyu anafuma sawa mimi. Mimi naweka kwa kwapa, yeye anaweka kwa mukaba." Na kweli, koko hajawahi kufuma na sindano mbili zinaning'inia hewani kama mimi, ya kuume anaibana chini ya kwapa, vile masista wa Kibeleji walimfundisha, juu kwao Ubeleji na Ufaransa wengi walikuwa wanafuma vile. Mimi ile kwapa nilikuwa naiona ni uzee. Nikaanza kuifanya palepale, na ndani ya juma moja uzi wangu ukaacha kupanda na kushuka, vitanzi vikawa vya kipimo kimoja. Ni kitu kilikuwa nyumbani muda wote.

Sindano pia ilikuwa shida. Zenye kuuzwa hapa ni zile mbili mbili zenye kichwa nyuma, na wale watu wa Shetland wanafuma triko kwa duara, kama mfuko, bila kushona ubavu. Kwa ile unahitaji sindano zenye ncha pande zote mbili. Nikaenda kwa kijana mwenye kutengeneza kinga (baisikeli), nikamwomba nyaya tano za gurudumu, akazikata sawa, akazisugua ncha juu ya jiwe, nikazimalizia na karatasi ya msasa. Waya wa kinga una unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo vitanzi vyake ni vidogo sana, vya soksi na triko za kubana. Baadaye nikajua kwamba hata Shetland wenyewe sindano wanaziita nyaya. Nilifurahi kama mtu amepata ndugu. Kwa kazi nene mdogo yangu aliniletea toka Kampala sindano ya duara namba 4, ile yenye vijiti viwili vimeunganishwa na kamba, na ile ninaificha, watoto hawaigusi.

Sasa kuhusu rangi. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Fair Isle, kiko katikati ya Shetland na Orkney, na ufumaji wao wa rangi umechukua jina la kisiwa. Ukiangalia triko yao unaona rangi sita, saba, unasema mimi siwezi. Hesabu safu moja moja: kila safu iko na rangi mbili tu. Mbili! Zinabadilishwa toka safu mpaka safu, njo macho yanadanganyika. Rangi moja unashika na mkono wa kuume, nyingine wa kushoto, yenye haifanyi kazi inapita nyuma. Isitembee mbali, mimi sipitishi vitanzi vitano, juu ikiwa ndefu mtoto ataingiza kidole siku ya kuvaa na ataivuta. Na kuna kitu hakuna mtu alinieleza, nilikiona kwa hasara: ule uzi wenye kupita chini ya mwenzake njo unatokea zaidi kwa uso wa triko. Mimi nilikuwa nafuma, mteja anakuja, naweka chini, nikirudilia nashika rangi kinyume, ya kushoto inaenda kuume. Nilipomaliza kofia ya kwanza niliona mistari, sehemu maua yanawaka, sehemu yamezimika, na kila mstari ulikuwa mteja moja wa inite.

Kuna watu wanasema zile maua za Fair Isle zilifundishwa na Waspania, juu meli yao moja, El Gran Grifón, ilivunjika pale mwaka 1588. Kuvunjika ilivunjika kweli. Lakini hakuna ushahidi hata kidogo kwamba mabaharia wenye njaa na baridi walikaa kufundisha wenyeji kufuma. Nilivyosoma ile nilicheka, juu hata hapa ni vile vile, kila kitu kizuri mkono wa mtu umefanya watasema kililetwa na mgeni.

Basi nikafika kwa triko ya makasi.

Mama moja wa kwaya alitaka jile, triko yenye kufunguka mbele, ya vifungo, rangi ya kahawa na maziwa, ya maua. Alitoa nusu ya feza mbele. Mimi nilikuwa nimeona vile wale wa kaskazini wanafanya: wanafuma duara mpaka juu, kama mfuko, lakini pale katikati ya kifua wanaongeza vitanzi vichache, kama saba hivi, vya kutupwa, mimi naviita daraja. Wakimaliza wanachukua makasi wanakata katikati ya daraja, mfuko unafunguka unakuwa jile. Faida yake ni kwamba unafuma uso wa mbele tu, maua unayaona siku zote, haugeuzi. Nilifuma miezi miwili. Ilitoka muzuri, naapa, jirani walikuwa wanakuja kushika.

Siku ya posho (Jumamosi) jioni nikaazima makasi ya fundi. Nikaweka kibao cha kukatia vitunguu ndani ya triko ili nisikate na mgongo. Watoto watatu wamesimama wananiangalia. Nikakata kitanzi cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, cha tatu, makasi yanaingia laini, nikafika kifuani nikaanza kujisikia ni mwalimu. Nikamaliza mpaka shingoni. Kisha nikashika pande mbili nikafungua, kama mtu anafungua mlango wa kabati, na pale njo niliona: zile ncha zenye nilikata zilikuwa zinateleza zinatoka, safu kwa safu, polepole, hata sikuzigusa, zinatoka ndani ya vitanzi na kuelekea ubavuni kwa maua. Ile ya katikati ikatoka. Ya pembeni ikalegea. Mwana yangu wa pili akasema, "Mama, inakufa."

Nilipiga pini zenye nilikuwa nazo, zikaisha, nikapiga na miiba ya mchungwa, sidanganyi. Usiku kucha nikashona na mkono. Upande wa kuume niliuokoa. Wa kushoto ulikuwa umekula vitanzi vine vya maua, nikafunika na utepe. Ule mama alipokuja akavaa, akajiangalia, akasema kwa upole "mama, hii upande iko nyembamba", na alikuwa na haki. Nikamrudishia sehemu ya feza yake.

Kosa lilikuwa hili. Sufu ya kondoo, ukiiangalia karibu sana, ina magamba madogo madogo, zinashikana, na kondoo wa Shetland sufu yake ni ya kushikana zaidi. Ukikata, ncha zinabaki pale pale, na ukifua zinashikana zaidi. Lene yetu ya sokoni tunaiita lene, lakini ni akriliki, ni plastiki, iko laini haina cha kushika. Mbinu ilizaliwa pamoja na ule kondoo na mimi niliiletea plastiki. Sasa nikitaka kukata akriliki, kwanza natia mashine, mistari miwili ya karibu kila upande wa daraja, ndipo makasi. Inakubali.

Tangu siku ile kila uzi napima na moto. Unakata kipande kidogo, unachoma na kiberiti: ikinuka nywele zenye kuungua na kuacha majivu yenye kuvunjika kwa vidole, ni sufu. Ikiyeyuka ikawa kipira kigumu cheusi, ni plastiki. Mama wa sokoni hawapendi kuniona na kiberiti, mmoja alinifukuza.

Na sufu ya kweli, nani anauza Bukavu? Chaguwa. Kwa mabalo ya nguo za Ulaya kuna triko za sufu safi zenye hakuna mtu anataka, juu zimetoka modi ama ziko kubwa kama hema. Nainunua, nafungua, nafuma upya. Lakini angalia mshono wa ndani kwanza! Mara ya kwanza nilinunua moja ya buluu, sufu kabisa, nikafika nyumbani nafungua, napata vipande vya uzi vya urefu wa mkono, vipande tu, mamia. Ilikuwa imekatwa kwa kitambaa na kushonwa na mashine ya surje, kila safu imekatwa ubavuni. Yenye kufaa ni ile yenye mshono wa mnyororo, vipande vimefumwa vikiwa na umbo lao, unatafuta ncha unavuta na mshono wote unafunguka prrr. Uzi wenye kutoka umejikunja kama nywele zenye kutoka kwa msuko, nauzungushia mgongo wa kiti, nafunga sehemu nne, nafua, naanika na chupa ya maji imening'inia chini ili unyoke. Bila ile chupa vitanzi vyako vitakuwa walevi.

Kwa kwapa nilisaidiwa na mtu sikumtegemea. Nilikuwa najaribu triko za wavuvi wa pwani ya Uingereza na Uskoti, zinaitwa gansey, buluu nzito, rangi moja, maua yake ni ya endruwa na anveri tu, zimefumwa za kubana sana ili upepo na maji ya bahari yasipite haraka. Pale nyaya zangu za kinga zilipata kazi. Mbele na mgongo ni sawa, unavaa upande wowote. Na chini ya kwapa wanaweka kipande cha pembe nne, kama almasi, nusu iko kwa mwili na nusu kwa mkono, ili mvuvi akiinua mikono triko isipande mpaka kitovuni. Nilishindwa kabisa kuelewa kile kipande kinaanzia wapi. Sasa karibu na kabini kuna mzee fundi, Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema, anashona kanzu. Njo yeye mwenye makasi. Akaniona nimekunja kichwa juu ya simu siku ya pili, akauliza nini, nikamwonyesha picha. Akasema, "Mama, hii si kikwapa?" Akavuta kanzu toka kwa mashine yake, akainua mkono wake, akanionyesha: kipande cha pembe nne, chini ya kwapa, kimeshonwa mshazari. Ana jina lake tayari, kikwapa, mafundi wa kanzu wanalijua toka zamani. Akanikatia kimoja kwa karatasi, akakikunja, akasema, "Unaanzia hapa na kitanzi kimoja, unaongeza pande mbili mpaka unafika upana, kiisha unapunguza mpaka inabaki kimoja tena." Mtu hajawahi kushika sindano ya kufuma maisha yake. Nilifuma kama vile alisema na ikakaa.

Hesabu ndio ilikuja mwisho, na ndiyo ilinifungulia mlango. Kuna mama aliitwa Elizabeth Zimmermann, Mwingereza mwenye alihamia Marekani, alikufa mwaka 1999, ambaye alichukua zile triko za duara za kienyeji akazigeuza kuwa asilimia. Unapima kifua, unajua vitanzi vya mwili mzima, ile njo mia kwa mia. Sehemu zingine zote zinatoka mule: mkono kwa kifundo ni 20, mkono juu ni 33 mpaka 35, kwapa 8, shingo 40. Haijalishi lene ni nene ama nyembamba, ni ya Kadutu ama ya wapi. Mimi yangu ya kifua sentimita 98 ilikuwa vitanzi 216, kwa hiyo kifundo 43, mkono juu 76 hivi, kwapa 17, shingo 86. Karatasi nzima ya gazeti imeisha kwa mistari mine.

Nikamweleza koko. Nilikuwa na furaha ya kumfundisha, sasa. Nikamwambia koko, kifundo ni asilimia 20 ya mwili. Akaniangalia. "Miye nakunja mara tano," akasema. Akachukua triko ya mtoto yenye ilikuwa karibu, akaikunja upande wa chini, moja, mbili, tatu, ine, tano, akaweka mkono wa triko juu ya ile sehemu moja. Sawa sawa. Shingo je? Akaonyesha: sehemu mbili za zile tano. Arobaini! Nilikaa chini. Miaka yote nilimwona anakunja kunja zile nguo nikafikiri anapanga kwa kabati.

Lakini hesabu yote inasimama juu ya kitu kimoja, na hapa msinicheke, juu nimeshaangukia hapa mara nyingi: eshantiyo. Kile kipande cha majaribio. Fuma sentimita 15, fua, kausha, ndipo uhesabu vitanzi ngapi kwa sentimita 10. Si kabla ya kufua, na si kwa sentimita 2 halafu unazidisha. Vitanzi 216, kama ni 22 kwa sentimita 10, vinaleta triko ya 98. Kama kweli ni 20 na wewe ulihesabu mbio mbio ukasema 22, inakuwa 108. Vitanzi viwili tu, sentimita kumi za hasara, triko ya bibi imekuwa ya bwana. Na kama utafuma kwa duara, eshantiyo nayo uifume kwa duara, juu mkono wa watu wengi anveri yake inalegea kuliko endruwa.

Februari 2025 waasi wa M23 walivyouchukua mji, kabini niliifunga kwa majuma, benki nazo zilifungwa, feza ikawa ngumu kuonekana, tukakaa ndani. Pale njo nilichora triko yangu ya kwanza ya kweli. Kwa ukuta wa koko kuna kitunga cha zamani, cha kupepetea, chenye meno meusi yanapanda na kushuka. Nikachukua kaye ya karo (daftari ya miraba) ya mtoto, nikahesabu: jino moja linachukua karo 12. 216 kugawanya kwa 12 inaleta 18, haibakizi kitu, nilipiga makofi peke yangu. Vitanzi vya mkono nikavishusha toka 76 mpaka 72 ili meno sita yaingie kamili, hakuna mtu ataona vitanzi vine, lakini jino lenye kukatika nusu kila mtu ataliona.

Jaribio la kwanza meno yalitoka yamelala, kama mtu ameyakalia. Karo ya kaye ni sawa pande zote, kitanzi si sawa, upana wake unapita urefu. Nikaongeza safu, kila ngazi ya jino safu mbili pahali pa moja kwa sehemu zingine, nikarudilia eshantiyo mara tatu. Mara ya tatu koko aliisogeza kwa mwangaza wa dirisha, akasema jino la kitunga halina ncha kali vile, "juu lina kichwa", nikaongeza vitanzi viwili vya juu bapa, na kweli ikawa kitunga.

Dada moja aliniambia ile si asili, eti nimechanganya ya Wazungu na yetu. Nikamwambia triko ya Aislandi, ile ya duara la maua kwa mabega yenye watalii wote wananunua wakidhani ni ya babu wa mababu, ilianza kuenea katikati ya karne ya 20, miaka ya 1950 hivi. Koko anaipita umri. Hakujibu, lakini aliagiza moja.

Ile ya buluu ya wavuvi, ya kikwapa, niliifumia mwana yangu wa pili, yule wa "inakufa". Gansey mikono yake haifumwi toka kifundo kwenda juu kama ya koko. Unaokota vitanzi begani unashuka, kifundo kinakuja mwisho, sababu kifundo njo kinakufaka kwanza, kwa wavuvi kwa chumvi na kamba, kwa watoto wetu kwa meza za masomo na kupangusa pua. Mwaka huu mkono ukawa mfupi, kifundo kimekatika nyuzi. Nikatafuta ncha, nikavuta, ikafunguka mpaka nilipotaka, vitanzi nikavirudisha kwa nyaya bila kugusa triko ingine. Buluu ile haikuwepo tena Kadutu, nilizunguka siku mbili. Nikapata nyekundu. Nikashuka sentimita sita za nyekundu kila mkono na kifundo juu yake. Yeye alinuna asubuhi ya kwanza, akaenda masomo amekunja mikono nyuma ya mgongo.

Siku ya tano mama wa rafiki yake akasimama kabini. Nikachukua simu nikamuuliza namba. Akasema hataki inite, anataka kujua ile ya mikono ya nyekundu ni dola ngapi.